Risasi zenye mipako: nafuu ndogo kwa mtutu, mtego mkubwa mpakani

KABEZA, KIGALI – Kabeza ni mtaa ulio wilayani Kicukiro, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Kanombe. Hakuna mwindaji anayetega kambi hapo, na Rwanda yenyewe haina biashara ya uwindaji wa kitalii. Hata hivyo mtaa huo umekaa baina ya njia mbili kubwa za mizigo. Ya kwanza ni ya anga. Ya pili ni barabara inayotoka Kigali kwenda Rwamagana, Kayonza na hatimaye Rusumo, lango la kuingilia Tanzania, nchi ambayo uwindaji wa kitalii ni biashara halali yenye vibali, ada na msimu wake.

Ndiyo maana jambo linaloonekana kuwa la mafundi wa bunduki peke yao linawahusu pia wenye malori, mawakala wa forodha na wafanyabiashara wa bidhaa za michezo. Jambo lenyewe ni risasi za bunduki za kuwindia zilizopakwa dawa ya kulainisha: nyeusi, za buluu au za rangi ya fedha. Wauzaji wake husema zinalinda mtutu na kurefusha maisha ya bunduki. Je, ni kweli? Na anayekabidhiwa kifurushi chake akipeleke ng'ambo ya mpaka anabeba nini hasa mbele ya sheria?

Jibu la swali la kwanza ni kwamba nafuu ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Jibu la swali la pili ni zito zaidi: mpako haupunguzi hata chembe ya masharti ya kisheria, na mara nyingine huongeza maswali.

Kinachopakwa ni nini

Kwanza ni vyema maneno yakaeleweka, kwa sababu Kiswahili kinatumia neno moja, risasi, kwa vitu vitatu. Kuna madini ya risasi, yale mazito na laini yanayotumika pia kwenye betri za magari. Kuna risasi kamili, yaani ganda lenye fataki, baruti na kichwa. Na kuna kichwa peke yake, kile kinachoruka. Mpako unaozungumzwa hapa ni wa kichwa.

Kichwa cha kawaida cha bunduki ya kuwindia kina kiini cha madini ya risasi kilichovikwa koti la shaba iliyochanganywa na zinki kidogo, kwa kawaida sehemu 95 za shaba kwa 5 za zinki. Ndani ya mtutu mna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, na kazi yake ni kukifanya kichwa kizunguke ili kiende sawa. Kichwa kinapopita kwa kasi na kwa kubanwa, shaba kidogo hubaki imegandamana na chuma. Risasi baada ya risasi, shaba hiyo hujikusanya, shabaha huanza kuyumba, na mwenye bunduki hulazimika kukaa na brashi na dawa ya kusafishia.

Mipako hubuniwa ili kupunguza msuguano huo. Unaojulikana zaidi ni poda ya molibdeni na salfa, nyeusi kama masizi, ambayo pia huchanganywa kwenye baadhi ya grisi za magari. Ilipata umaarufu mkubwa miaka ya 1990 miongoni mwa walenga shabaha wa Marekani, waliokuwa wakivizungusha vichwa ndani ya pipa pamoja na poda hiyo, kisha kuongeza nta juu yake. Baadaye zikaja poda nyingine mbili: ya wolframu na salfa, na ya boroni na nitrojeni, ambayo ni nyeupe na hustahimili moto zaidi. Kampuni ya Norma ya Sweden iliwahi kuuza risasi kamili zilizopakwa molibdeni kutoka kiwandani, na Winchester ya Marekani ilitumia mpako mweusi uitwao Lubalox kwenye baadhi ya risasi zake za kuwindia.

Somo la bati la mwaka 1921

Wazo hili si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20 makoti ya risasi yalikuwa ya shaba iliyochanganywa na nikeli, nayo yaliacha mabonge magumu ndani ya mitutu. Mwaka 1921 jeshi la Marekani lilitoa risasi za mashindano zilizopakwa bati, kwa matumaini kwamba bati lingemaliza tatizo.

Mitutu kweli ilibaki safi zaidi. Lakini bati la kichwa lilishikana na shingo ya ganda kana kwamba limechomelewa. Isitoshe, wapigaji wengi walikuwa na mazoea ya kuchovya risasi kwenye grisi. Bati iliyoshika na grisi iliyozuia shingo ya ganda kupanuka vilipandisha mgandamizo kupita kiasi, na bunduki kadhaa ziliharibika. Muda mfupi baadaye jeshi hilo likahamia kwenye koti la shaba na zinki, linalotumika hadi leo.

Somo lake bado ni hai. Mpako haubadilishi usafi wa mtutu tu. Unabadilisha pia mgandamizo, na mgandamizo ndio unaoamua kama bunduki iko salama. Anayeongeza mpako wake juu ya risasi ya kiwandani, au anayechanganya grisi na poda kwa kubahatisha, anarudia kosa la zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Kinachoua mtutu ni moto

Sasa madai makubwa: kwamba mpako hurefusha maisha ya mtutu. Hapa lazima tofauti iwekwe kati ya uchafu na kuchakaa.

Uchafu wa shaba hauui mtutu. Huusumbua, lakini husafishwa na shabaha ikarudi. Kinachoua mtutu wa bunduki yenye nguvu ni moto na gesi. Baruti inapowaka, mgandamizo katika bunduki kama .30-06 au .375 H&H hukaribia au hupita bar 4,000, na joto la gesi hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi kwa muda mfupi mno. Sehemu inayopigwa zaidi ni ile ya mwanzo, pale kichwa kinapotoka kwenye ganda na kuingia kwenye mifereji. Chuma cha hapo hugeuka kigumu na chepesi kuvunjika, hupasuka nyufa ndogo kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, kisha humomonyoka kidogo kidogo.

Poda iliyopakwa juu ya kichwa haiwezi kuuzima moto huo. Isitoshe, poda ya molibdeni na salfa yenyewe huanza kuharibika hewani kwenye joto la nyuzi mia chache tu. Inasaidia pale kichwa kinapogusa chuma, si pale gesi inapochoma.

Kuna jambo la pili ambalo matangazo hulipita haraka. Kichwa kilichopakwa huteleza kwa urahisi, kwa hiyo mgandamizo hushuka, na kasi nayo hushuka. Mtumiaji asiyetaka kupoteza kasi huongeza baruti. Baruti ikiongezwa, moto unaongezeka tena, na nafuu iliyopatikana huliwa na baruti hiyo. Anayekubali kasi ndogo anaweza kuona mtutu ukidumu zaidi. Lakini mtu huyo angepata nafuu ileile kwa kupunguza baruti kidogo bila kununua mpako wowote.

Hesabu ya matumizi nayo husaidia. Bunduki ya .308 hutajwa kudumu risasi 5,000 au zaidi kabla ya shabaha ya mashindano kupungua, ilhali zile zenye baruti nyingi, kama .300 Winchester Magnum, hutajwa kuishia takriban nusu ya hapo au chini yake. Mtalii anayekuja kuwinda kwa wiki mbili au tatu hupiga risasi makumi, pamoja na zile za kurekebisha darubini siku ya kwanza. Kwa mtu wa aina hiyo mtutu utamzidi umri. Kwa mwindaji bingwa anayekaa porini msimu mzima, adui wa karibu zaidi ni vumbi, jasho, unyevu na ufito wa kusafishia unaoingizwa vibaya na kukwaruza mdomo wa mtutu.

Zaidi ya hayo, mpako una masharti yake. Bunduki ikizoea risasi zilizopakwa kisha ikapewa zisizopakwa, pigo linaweza kuhama mpaka mtutu usafishwe na kuanza upya. Poda nyingine hujikusanya mwanzoni mwa mtutu na kufanya tabaka gumu, na wapo watumiaji walioiacha molibdeni kwa kuhofia kwamba tabaka hilo hushika unyevu na kuleta kutu. Katika kambi ambayo risasi za akiba hupatikana kwa shida, kubadilisha aina katikati ya safari si jambo la busara.

Shaba tupu yarudisha mjadala

Kama nafuu ni ndogo hivyo, mbona mipako haijafa? Jibu liko kwenye sheria za mazingira za nchi wanakotoka wawindaji.

Madini ya risasi ni sumu. Vipande vyake hubaki kwenye mizoga na matumbo ya wanyama, na ndege wanaokula mizoga, wakiwamo tumbusi, hudhurika. Jimbo la California nchini Marekani lilikamilisha marufuku ya risasi zenye madini hayo kwa uwindaji wote tarehe 1 Julai 2019. Denmark ilizipiga marufuku risasi za aina hiyo kwa bunduki za kuwindia mwezi Aprili 2024. Uingereza nayo ilitangaza mwezi Julai 2025 mpango wa kuziondoa, ikitoa muda wa mpito.

Mbadala uliopo ni kichwa cha shaba tupu, bila kiini cha risasi. Kampuni ya Barnes ya Marekani ilikitoa kwa soko pana mwaka 1989. Kilipenya vizuri kwa mnyama mkubwa, lakini kwa kuwa mwili mzima ulikuwa wa shaba laini uliobana mtutu, kiliacha shaba nyingi kuliko vichwa vya zamani, na malalamiko yakawa mengi. Kampuni hiyo ikajibu kwa kutoa toleo lenye mpako wa buluu.

Kilichofuata ndicho cha kuzingatiwa na kila mfanyabiashara anayeshawishika kuagiza akiba kubwa ya bidhaa ya namna hii. Mwaka 2003 Barnes ilitoa kichwa kipya chenye mifereji iliyozungushwa kiunoni. Mifereji hiyo ilipunguza eneo linalosugua na kuipa shaba mahali pa kukimbilia. Mgandamizo ukashuka, uchafu ukapungua, na toleo la buluu likapoteza sababu ya kuwapo. Umbo liliushinda mpako. Watengenezaji wa baruti nao wameingia kwenye kinyang'anyiro: baadhi ya baruti za kisasa zina kemikali za kupunguza shaba mtutuni, njia ambayo Wafaransa waliitumia zamani kwenye mizinga kwa kuweka bati au risasi ndani ya baruti.

Kwa hiyo soko la vichwa vilivyopakwa linaendelea, lakini ni soko la watu wachache wenye mapendeleo yao, na bidhaa inayopendwa leo inaweza kupitwa na nyingine kesho.

Nani anawinda, na wapi

Ramani ya uwindaji wa Afrika Mashariki si moja, na anayesafirisha mizigo hana budi kuijua. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Uganda iliusimamisha mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha ikaanza tena kwa majaribio mwaka 2001 katika maeneo yanayozunguka Ziwa Mburo. Rwanda imeelekeza nguvu zake kwenye utalii wa kutazama: sokwe wa Volkano na wanyama wa Akagera, ambako simba walirejeshwa mwaka 2015 na faru mwaka 2017. Tanzania ndiyo yenye biashara kubwa ya uwindaji, inayosimamiwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na vitalu vyake vingi viko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA.

Lakini hata Tanzania ramani imebadilika, na mabadiliko hayo yameigusa moja kwa moja njia ya Rusumo. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mwaka huohuo mapori ya Ibanda na Rumanyika, upande wa Karagwe na Kyerwa, nayo yakapandishwa kuwa hifadhi za taifa. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote.

Maana yake kwa dereva ni nyepesi kueleweka. Zamani mtu aliyekutwa na risasi za kuwindia kwenye ukanda huo angeweza kudai kwamba anazipeleka kwenye kambi ya jirani. Leo kambi hiyo haipo. Lori litakalokutwa na kifurushi cha risasi .375 bila hati, kwenye barabara inayopita kando ya hifadhi hizo, litakuwa na kazi ngumu ya kujieleza.

Kichwa kitupu nacho kinahesabika

Hapa ndipo penye mtego wenyewe. Vichwa vya risasi vilivyopakwa huuzwa mara nyingi vikiwa vitupu, bila ganda, fataki wala baruti, kwa ajili ya watu wanaojaza risasi zao wenyewe. Vichwa 100 vya .375, kila kimoja kikiwa na uzito wa gramu 19 hivi, havifiki hata kilo mbili. Ni kifurushi kidogo kinachoingia chini ya kiti cha dereva. Havilipuki. Vimepakwa rangi, vinang'aa, vinafanana na vipuri. Ni rahisi mtu kuambiwa, na kuamini, kwamba ni vyuma tu.

Kwa kanuni za usafirishaji wa mizigo ya hatari, kuna ukweli kidogo ndani yake. Risasi kamili za silaha ndogo husafirishwa chini ya namba ya Umoja wa Mataifa 0012, daraja la 1.4S, ilhali kichwa kitupu si kilipuzi. Lakini kanuni za hatari ni kitu kimoja na sheria za silaha ni kitu kingine.

Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo na nyepesi, iliyotiwa saini Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Rwanda ikiwamo, inaeleza kwamba neno risasi linajumuisha risasi kamili pamoja na sehemu zake: maganda, fataki, baruti na vichwa, pale ambapo sehemu hizo zinahitaji kibali katika nchi husika. Kituo cha kusimamia utekelezaji wa itifaki hiyo, RECSA, kina makao yake Nairobi. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na vibali vyake hupitia polisi.

Upande wa forodha nako hakuna mwanya. Silaha, risasi na sehemu zake ziko kwenye Sura ya 93 ya orodha ya ushuru, na risasi pamoja na vichwa viko chini ya namba 93.06. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika jedwali lake la pili, inaziweka silaha na risasi za sura hiyo miongoni mwa bidhaa zenye masharti. Kuzitangaza kama vipuri, vifaa vya michezo au vyuma ni tamko la uongo. Sheria hiyohiyo inaruhusu kutaifishwa si kwa mzigo tu, bali pia kwa chombo kilichoubeba.

Hebu hesabu ifanyike. Lori na tela lake, shehena ya mtu mwingine iliyo chini ya dhamana ya forodha, na leseni ya msafirishaji. Vyote vinawekwa rehani kwa ajili ya kifurushi cha kilo mbili ambacho malipo yake pengine hayafiki nauli ya abiria mmoja. Tangu kituo cha pamoja cha Rusumo kilipozinduliwa rasmi mwaka 2016, maofisa wa nchi mbili hukagua mahali pamoja. Hayo yameharakisha safari za walio na hati safi, lakini mzigo mmoja sasa unaonwa na macho ya nchi zote mbili.

Kwa wanaopitia Kanombe, abiria mwenye vibali anaweza kubeba risasi kamili za daraja la 1.4S zisizozidi kilo 5 kwa mtu mmoja, zikiwa zimefungwa vyema ndani ya mzigo unaokabidhiwa, tena kwa idhini ya shirika la ndege. Kiwango hicho ni cha kanuni za usalama wa anga. Hakiondoi hitaji la kibali cha nchi anakoondoka, anakopitia na anakoingia. Anayeshuka Kigali ili aendelee kwa gari hadi Tanzania huyo si wa kupitia tu uwanjani. Ameingia Rwanda akiwa na silaha.

Rangi na jina vinavyozua maswali

Mpako wenyewe unaweza kuongeza shida. Katika majeshi, rangi kwenye risasi ina maana. Kwa nchi za NATO, ncha nyeusi huashiria risasi ya kupenya chuma. Kichwa cha kuwindia kilichopakwa molibdeni ni cheusi kizima, si nchani tu, lakini ofisa mwenye foleni ya malori asiyewahi kuona bidhaa hiyo anaweza kushtuka, na ana haki ya kushtuka.

Jina la wolframu lina uzito zaidi. Risasi nyingi za kijeshi za kupenya chuma hutumia kiini cha wolframu iliyochanganywa na kaboni. Kisanduku kilichoandikwa neno hilo, hata kama kinachomaanishwa ni poda nyembamba ya kulainisha, kinaweza kueleweka vibaya. Mwenye mali halali anayetaka kuepuka siku tatu za kusubiri hufunga safari akiwa na karatasi ya mtengenezaji inayoeleza kichwa kimetengenezwa kwa nini na kimepakwa nini, idadi, kipenyo na uzito, vikilingana na kibali herufi kwa herufi.

Poda yenyewe, ikisafirishwa peke yake bila vichwa, ni kemikali ya viwandani. Misombo ya salfa ya aina hiyo, ikiwa imetengenezwa kiwandani, huangukia kwenye namba 28.30, mbali kabisa na Sura ya 93. Kuchanganya viwili hivyo ndani ya kasha moja ni kuharibu hati ya kitu kisichokuwa na tatizo.

Sehemu ya Kigali katika biashara hii

Viwanda vya risasi vya kanda, kama kile cha Eldoret nchini Kenya na Mzinga cha Morogoro, viko chini ya wizara za ulinzi. Vichwa vya kuwindia vilivyopakwa hutoka nje, hasa Marekani na Ulaya. Rwanda basi haina nafasi ya maana katika kuuza vichwa hivyo. Nafasi yake iko kwenye mwanzo wa mnyororo: madini.

Mgodi wa Nyakabingo, wilayani Rulindo kaskazini mwa Kigali, huchimba wolframu na unamilikiwa na kampuni ya Trinity Metals, ambayo serikali ya Rwanda ina hisa ndani yake. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilitangaza kupeleka makinikia yake Marekani, kwenye kiwanda cha Global Tungsten & Powders kilichoko Pennsylvania. Wakati wake haukuwa wa bahati nasibu. Tarehe 4 Februari 2025 China, inayochimba sehemu kubwa kabisa ya wolframu ya dunia, ilitangaza kwamba baadhi ya bidhaa za wolframu, molibdeni na bismuthi zitahitaji leseni ya kuuzwa nje. Madini hayo matatu yote yanagusa biashara ya risasi, na wanunuzi wa nchi za Magharibi walianza kutafuta kwingine.

Pamoja na hayo, asitokee dalali akamshawishi mfanyabiashara wa Kabeza kwamba poda ya kupaka risasi ndiyo inayopandisha bei ya wolframu. Mpako wa kichwa kimoja ni sehemu ndogo mno ya gramu. Sehemu kubwa ya wolframu huenda kwenye vyuma vigumu vya kukatia na kutobolea miamba, na matumizi ya kijeshi yako kwenye viini, si kwenye mipako. Atakayeweka akiba akingojea wawindaji atangoja sana.

Kwa msafirishaji wa makinikia, hati ndizo zenye thamani. Wolframu ni miongoni mwa madini manne yaliyotajwa na sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iliyozitaka kampuni kueleza kama madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani, na kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutekelezwa Januari 2021 inadai uchunguzi wa aina hiyo. Gunia lisilo na lebo ya mgodi hupoteza mnunuzi, na katika hali ya vita vilivyotikisa mashariki mwa Kongo mwaka 2025, humtia mwenye gari kwenye tuhuma kubwa kuliko thamani ya mzigo.

Kabla ya kukubali kifurushi

Yote haya yanarudi kwenye meza ya wakala na usukani wa dereva. Kwa mwindaji, risasi iliyopakwa ni suala la upendeleo: itampunguzia kusafisha, haitamwokolea mtutu, na itamtaka abaki na aina moja. Kwa muuzaji ni bidhaa ya wateja wachache, ambayo umbo jipya la kichwa liliwahi kuifuta sokoni ndani ya muda mfupi.

Kwa msafirishaji kuna maswali manne ya kuuliza kabla ya kuinua kifurushi. Je, kina kitu chochote cha Sura ya 93, hata kama ni vichwa vitupu? Je, vibali vipo vya nchi ya kutoka, ya kupitia na ya kuingia? Je, jina lililo kwenye kibali ni la mtu aliyemo safarini au la kampuni inayojulikana? Na je, orodha ya shehena inasema neno lilelile linalosemwa na kibali? Jibu moja likikosekana, kifurushi kibaki Kabeza.

Bunduki iliyochakaa mtutu hubadilishiwa mtutu mwingine. Lori lililotaifishwa Rusumo halina kipuri cha kulirudisha barabarani. Tahadhari kabla ya hatari.